Kwa wanaorekodia nyumbani Dar: hesabu masaa yako ya ukimya kabla hujapokea kazi nyingine

Mleta uzi

Habari za jioni, wakuu.

Wiki hii vijana watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wameniuliza swali lilelile: "Kaka, unashikaje kazi nne za watu kwa pamoja na studio yenyewe ni sebule?" Niliwajibu kifupi, halafu nikaona sijawatendea haki. Naomba niandike kwa kirefu.

Mimi natengeneza muziki wa kuagizwa. Simsimamii msanii na sisubiri wimbo upigwe redioni ndipo nile. Wateja wangu ni kamati za harusi na send-off, kwaya, watu wa matangazo ya redio, vikundi vya VICOBA vinavyotaka wimbo wa sherehe yao, na mara mojamoja wapiga video wanaotaka muziki wa kulaza chini ya maneno. Nimepanga Tabata, chumba na sebule, ua mmoja na wapangaji wengine watatu. Vifaa ni laptopu, intafesi ya matundu mawili (kile kiboksi kinachoingiza sauti ya maiki kwenye laptopu), maiki mbili, kinanda kidogo, gitaa na hedifoni. Basi.

Miaka ya mwanzo nilikuwa napokea kazi kwa kuangalia kalenda. Harusi ni Jumamosi ya tarehe fulani, leo ni tarehe fulani, siku zipo tele, lete kazi. Na kila mara nilichelewa. Nikadhani tatizo ni mashine, nikanunua laptopu nyingine Kariakoo, nikaendelea kuchelewa vilevile. Siku moja nikakaa na daftari, nikaandika kila sauti inayosikika uani kwetu tangu alfajiri hadi usiku. Hapo ndipo nilipouona ugonjwa. Sisi wa nyumbani siku tunazo na vifaa tunavyo. Kinachotupungukia ni ukimya.

Siku yetu ya kawaida iko hivi. Saa kumi na nusu alfajiri mama wa chumba cha mbele anaanza kuchoma vitumbua. Kile kijiti kikigeuza kitumbua kwenye chuma kinasikika kwenye maiki kama vile anachomea mezani kwangu. Saa kumi na moja na kitu, adhana. Kisha watoto wa shule, ndoo, bomba, redio. Saa mbili hadi saa nne watu wanafua na kufagia, na fagio la chelewa juu ya sakafu ya saruji ni adui wa sauti nyororo kuliko hata bodaboda. Kuanzia saa nne panatulia. Ikifika saa sita na nusu hivi ni adhana ya adhuhuri, watoto wa madarasa ya chini wanarudi, anapita mnunuzi wa vyuma chakavu na kipaza sauti chake, na kutoka hapo hakuna tena kupumua mpaka tamthilia za usiku ziishe. Saa nne usiku anapita muuza kahawa akigonganisha vikombe. Pa kulala ni saa sita.

Kwa hiyo nina vipindi viwili. Cha kwanza ni saa nne hadi saa sita mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Hapo mwimbaji anaweza kupaza sauti na hakuna anayelala. Cha pili ni saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Usiku huo ni mtulivu kweli, lakini majirani wamelala, na mtu aliyelipa kodi yake ana haki ya usingizi wake. Kwa hiyo usiku narekodi maneno ya tangazo, sauti za chini za kuitikia, na gitaa la umeme linaloingia moja kwa moja kwenye intafesi bila spika. Mwimbaji wa soprano, ile sauti ya juu, hawezi kuimbia kwangu saa saba usiku.

Masaa mawili mara siku tano ni masaa kumi. Toa siku ya mvua, maana bati likipigwa na mvua hakuna maiki duniani itakayokusaidia. Toa siku ambayo jirani ana msiba au mgeni. Kwa wiki nabaki na masaa sita ya ukweli ya kurekodi sauti kubwa. Wimbo mmoja wa harusi wenye mwimbaji kiongozi na waitikiaji wawili unanila masaa matatu. Maana yake nyimbo mbili kwa wiki, na wa tatu nikiupokea nimemdanganya mtu.

Tangu nianze kuhesabu hivyo simwambii mteja "ndani ya wiki moja". Namwambia: "Sauti tutarekodi Jumatano ya tarehe 14, saa nne kamili asubuhi. Muimbaji aje ameshakunywa chai." Wateja wanaipenda sana hiyo. Wanaona kazi yao ina siku yake.

Sasa, namna ya kushika kazi nyingi. Kila kazi ninayopokea naikata mafungu. Kuna inayohitaji ukimya, yaani kurekodi. Kuna inayohitaji masikio tu: kupanga biti, kuchagua vipande, kufanya miksi, yaani kusawazisha sauti zote zikae pamoja. Hii unaweza kuifanya kwa hedifoni watoto wakicheza rede dirishani. Halafu kuna isiyohitaji ukimya wala masikio: kuandika mashairi, kupiga simu, kutuma hesabu, kupanga mafaili. Kosa langu la zamani lilikuwa kukaa saa nne asubuhi, saa ya dhahabu, nikijibu meseji za mwenyekiti wa kamati. Meseji nitajibu saa tisa alasiri, mnunuzi wa vyuma akipita. Saa nne hadi saa sita simu iko chumbani, imezimwa.

Na mazoezi yasile ukimya wako. Zile bendi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 zilipiga pamoja, chumba kimoja, bila huu mtindo wetu wa kubandika neno moja moja. Mazoezi yalikuwa yameisha kabla ya kuingia studio. Nikakopa mtindo huo: siku mbili kabla, mwimbaji anapata biti kwenye simu yake, anaimba njiani, anaimba akipika. Siku akifika kwangu hatujadili tena aanzie sauti ya juu au ya chini.

Nitaendelea baadaye kidogo na habari ya mafaili, maana huko ndiko nilikoumia zaidi.

Mchangiaji, Mbagala

Mkuu heshima yako. Mimi nimebandika trei za mayai ukuta mzima, trei kama sitini, na bado bodaboda zinasikika. Kosa langu ni nini?

Mleta uzi

Mkuu, pole kwa kazi, najua ile gundi ilivyo. Trei ya mayai ni karatasi nyepesi. Inatawanya kidogo milio myembamba, basi. Kinachozuia sauti ya nje isiingie ni uzito: ukuta wa tofali, mlango mzito, dirisha lililozibwa pembeni. Mngurumo wa bodaboda ni mlio mzito. Mlio wa 100 Hz wimbi lake lina urefu wa karibu mita tatu na nusu. Unapita kwenye trei kama hakuna kitu.

Kwa pesa hiyohiyo fanya hivi. Mweke mwimbaji asimame akipa mgongo kabati la nguo lililo wazi na limejaa, au simamisha godoro la inchi nane nyuma yake. Nyuma yake, siyo nyuma ya maiki. Maiki inasikia mbele, na mbele yake ni mwimbaji na ule ukuta ulio mgongoni kwake. Sauti inayogonga huko ndiyo inayorudi kwenye rekodi. Kulia na kushoto tundika mablanketi mazito. Kanga moja haitoshi, ni nyembamba.

Halafu maiki. Watu wengi wananunua kondensa, ile maiki nyepesi kusikia kila kitu, kwa sababu wameiona kwenye video, wanaipeleka kwenye chumba chenye mwangwi, wanasimama mbali nayo futi mbili, na inawaletea mtaa mzima. Kwa mtaa wetu maiki ya dainamiki, ile ya kushika mkononi kama Shure SM58 iliyoanza kuuzwa 1966, ikiwekwa vidole vitatu kutoka mdomoni, inakupa sauti ya mtu na siyo ya ua. Ukiwa karibu hivyo besi inavimba, basi utaipunguza kwenye miksi. Kondensa yangu inatoka usiku tu.

Na friji! Friji ikinguruma inaingia chini ya kila kitu na hutaisikia mpaka ufike kwenye masta, hatua ya mwisho ya kukamilisha wimbo. Ya kwangu naichomoa kabla ya kurekodi, na funguo za mlango wa nje naziweka ndani ya friji. Siwezi kutoka nyumbani bila kukumbuka kuirudisha. Mke wangu ndiye aliyebuni hilo baada ya samaki wa wiki nzima kuharibika.

Mchangiaji, mwimbaji wa kwaya

Bwana asifiwe. Naunga mkono la kutumiwa biti mapema. Mwaka jana tulirekodi sehemu, sisi sauti ya pili tulisubiri tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu fundi alikuwa anamalizia tangazo la mtu mwingine. Ilipofika zamu yetu sauti zilishakauka. Kaka, kwaya nzima inaingiaje sebuleni kwako?

Mleta uzi

Amina, dada. Haiingii. Kwaya ya watu ishirini naifuata kanisani siku ya mazoezi, nabeba laptopu na maiki mbili, nawapanga nusu duara, nachukua sauti zote nne kwa pamoja. Kanisa lina mwangwi wake mzuri ambao sebule yangu haitaupata kamwe. Waimbaji wanaoongoza tu ndio wanaokuja nyumbani, mmoja mmoja, kila mtu na saa yake. Kumweka mwimbaji asubiri kutwa ni kumwibia sauti aliyoileta.

Sasa mafaili, kama nilivyoahidi.

Kuna Desemba niliyoshika harusi mbili, zote Jumamosi moja. Mnajua msimu wenyewe ulivyo, watu wanaoana mfululizo. Nyimbo zilifanana tempo, na mimi ili kuokoa muda nikafungua kazi ya harusi ya kwanza, nikaihifadhi kwa jina jipya, nikaanza kubadilisha sauti juu yake. Kiitikio cha zamani, chenye jina la bibi harusi wa kwanza, nilikizima tu, sikukifuta. Ijumaa jioni, nimechoka, nikasogeza kitu, kikawaka. Nikatoa wimbo, nikausikiliza sekunde arobaini za mwanzo, nikautuma.

Saa tatu usiku simu ikalia. Dada wa bwana harusi. Hakufoka. Alisema taratibu: "Kaka, kwenye ubeti wa mwisho kuna jina la mwanamke mwingine." Nyuma yake nilisikia watu wakipamba ukumbi. Nilihisi mikono inakufa ganzi. Nilipanda bodaboda na laptopu mgongoni hadi ukumbini, nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko, nikarekebisha, nikawakabidhi kwenye flashi, na nusu ya pesa nikairudisha japo hawakuidai. Wimbo ulipigwa vizuri kesho yake. Lakini fikiria kama yule dada asingesikiliza hadi mwisho. Bibi harusi anaingia, mama yake analia kwa furaha, na spika zinataja jina la mwanamke mwingine mbele ya wakwe.

Tangu usiku ule kazi mpya haizaliwi kutoka tumboni mwa kazi nyingine. Nina kiolezo kitupu: njia za sauti zimepangwa, rangi zimewekwa, ndani hakuna hata sekunde moja ya mtu. Kila kazi ina folda yake, na jina linaanza na tarehe ya kukabidhi, halafu aina, halafu mtaa wa mteja, halafu namba ya toleo. Neno "fainali" nimelipiga marufuku, maana baada ya fainali huja fainali mpya na fainali ya kweli. Toleo la 3, toleo la 4, inatosha. Kabla ya kutuma nashika mashairi mkononi, nausikiliza wimbo kwenye simu, kwa spika yake ndogo, mwanzo hadi mwisho, nikifuata kila neno kwa kidole. Dakika nne tu.

Mtego mwingine wa kurukaruka kati ya kazi ni kipimo cha sampuli, yaani mara ngapi kwa sekunde kompyuta inaipima sauti. Nyimbo za kawaida nazirekodi kwa 44.1 kHz, watu wa video wanataka 48. Ukiacha intafesi kwenye kipimo cha jana na faili likachezwa bila kugeuzwa, la 44.1 likichezwa kama 48 linakwenda kasi kwa karibu asilimia 9 na sauti inapanda nusutoni moja na nusu hivi. Mwimbaji mwenye sauti nzito anageuka kijana. Nimeandika kipimo kwenye jina la folda, na ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama kila ninapofungua kazi.

Mchangiaji, Kimara

Nimekusoma vizuri sana mkuu. Maswali mawili. Umeme na kuhifadhi unafanyaje? Na pesa, mteja anayesema "tutamalizana baada ya shughuli"?

Mleta uzi

Umeme: laptopu naifanyia kazi ikiwa imejaa chaji muda wote, intafesi inakula umeme wa laptopu yenyewe, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya ubeti mwimbaji hajui hata kama umekatika. Usiku kabla ya siku ya kurekodi natazama uniti za LUKU. Na ukisikia mvumo mzito usioisha kwenye rekodi, chomoa chaja. Mara nyingi ni ule wa 50 Hz wa umeme wa ukutani, na laptopu ikibaki kwenye betri unapotea.

Kuhifadhi: njia moja ya sauti ya biti 24 (biti za kompyuta, siyo biti ya wimbo) kwa 48 kHz inakula kama MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye njia ishirini unakaribia MB 700 kabla hujaanza kurudia kuimba. Ukishika kazi nne, diski inajaa kimyakimya. Mimi nina diski mbili za nje, moja mezani, nyingine inakaa kwa kaka yangu Ubungo. Kila Jumapili nikienda kumsalimu nazibadilisha. Mwizi akiingia au bomba likipasuka, kazi ya mteja ipo. Na mnapotuma kwa WhatsApp, tumeni kama hati, msitume kama sauti, faili lifike kama lilivyotoka.

Pesa. Nusu kabla sijafungua folda, nusu kabla sijatoa faili safi. Anayesubiri kumalizia namtumia toleo lenye sauti yangu ikisema "sampuli" kila baada ya sekunde ishirini. Sioni aibu kwa hilo. "Baada ya shughuli" kamati imeshavunjika, mweka hazina hapokei simu, na wewe unaonekana mkorofi kwa kudai chako. Kampuni ni tofauti, zina utaratibu wao wa ankara, na kwa kazi ya huduma zinakata kodi ya zuio ya asilimia 5. Iweke kwenye hesabu yako tangu mwanzo na uwe na namba ya mlipakodi, usije ukashangaa pesa imepungua.

Makubaliano yangu ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili: wimbo wa dakika ngapi, marekebisho mara ngapi (kwangu ni mawili), siku ya kurekodi, siku ya kukabidhi, na nani anamiliki nini. Hili la mwisho vijana wanalipuuza. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya 1999, na kuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ya kusajili kazi. Wimbo wa harusi mtu apige shereheni kwake miaka yote, sina neno. Lakini biti ileile ikihamishiwa kwenye tangazo la sabuni, hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine. Andikeni mapema, mkiwa bado mnacheka pamoja.

Na kwenye kamati, omba mtu mmoja wa kuzungumza nawe. Mmoja tu. Kamati ya watu kumi na wawili ina masikio ishirini na manne. Mjomba anataka ngoma zaidi, shangazi anataka zipunguzwe, na wote wana haki ya kusema. Waseme kwa mwenyekiti, mwenyekiti aseme na mimi.

Mchangiaji, Mbagala

Mkuu nimeshaanza kubandua trei. Swali la mwisho: napiga singeli na pia nina oda ya kaswida. Nikitoka kwenye singeli masikio hayasikii tena kitu cha taratibu.

Mleta uzi

Hilo ni la kweli, siyo wewe peke yako. Singeli inakimbia juu ya mapigo 200 kwa dakika, mwili mzima unapanda nayo. Usiifanyie miksi kaswida siku hiyohiyo. Kama huna budi, anza na ya taratibu asubuhi masikio yakiwa mapya, singeli iwe ya mwisho. Kati yake toka nje, tembea hata nusu saa bila kitu masikioni. Ukirudi, kabla hujagusa chochote, sikiliza kwa sauti ya chini kaswida moja unayoiamini ilivyorekodiwa, ndipo ufungue ya kwako. Na kwenye kaswida maneno ndiyo kila kitu. Dufu likifunika herufi moja ya jina la Mtume, wenye kazi watasikia kabla yako. Mwite mmoja wao akae nawe saa moja kwenye miksi.

Nyingine nitajibu kesho alasiri. Kuna tangazo la sekunde thelathini linanisubiri, televisheni ya jirani imeshazimwa, na friji bado sijaichomoa.